Pikapu ya Kubebea Mazao: Soma Ubavu wa Tairi Kabla Hujatoa Hela



Mavuno ya nyanya yakikaribia huku kwetu Kilolo, maswali ninayoulizwa huwa mawili. La kwanza ni kantangaze, na hilo tumeshaliandikia sana. La pili linatoka kwa vijana ambao msimu uliopita uliwalipa: "Bwana shamba, nimepata pikapu, niiweke tairi gani?" Mimi nimesomea kilimo, sikusomea ufundi magari. Lakini hasara ya mazao njiani ni hasara ya mkulima kama ilivyo hasara ya ukungu shambani, na nyanya ikishavunwa haina subira. Kwa hiyo leo tuache dawa na mbolea, tuongee matairi na rimu.

Nianze na kijana mmoja wa kikundi cha Ilula. Alinunua Hilux ya kebini moja, akaifungia vizimba vya mbao virefu pembeni ili matenga yapande safu tatu. Akaenda dukani, akaomba "tairi pana, za kuvutia, zenye kashata kubwa". Akapewa matairi mapya kabisa manne. Miezi mitatu baadaye anapeleka nyanya Morogoro. Alishuka Kitonga salama, akapita Ruaha Mbuyuni mchana wa jua kali, na mbele kidogo tairi la nyuma kushoto likapasuka. Gari liliyumba likaingia mchangani. Hakuna aliyeumia, tushukuru Mungu. Ila safu mbili za matenga zilimwagika, na hizo zilizobaki zilikaa juani mpaka jioni akihangaika kutafuta tairi jingine. Bei ya nyanya siku hiyo ilikuwa nzuri, yeye akarudi na deni.

Watu walisema ni bahati mbaya, au tairi feki. Mimi niliomba nilione. Lilikuwa tairi halali, jipya, halijatembea sana. Ubavuni limeandikwa 225/75R15 102S. Kila kitu kilikuwa kwenye hiyo namba 102, na hakuna mtu aliyekuwa ameisoma.

Namba ndogo inayosema kilo

Saizi ya tairi wengi wanaijua, maana bila hiyo haliingii kwenye rimu. Baada ya saizi huwa kuna namba ya tarakimu mbili au tatu ikifuatiwa na herufi. Herufi ni mwendo wa juu ambao tairi linaruhusiwa: Q ni kilomita 160 kwa saa, R ni 170, S ni 180. Hiyo isikuumize kichwa, ukibeba nyanya hufiki huko. Namba ndiyo ya kushika. Inakwambia tairi moja linabeba kilo ngapi likijazwa upepo sawasawa. 98 ni kilo 750. 102 ni kilo 850. 104 ni 900, 106 ni 950, 108 ni 1,000 kamili, 110 ni 1,060 na 112 ni 1,120. Namba si kilo zenyewe, ni alama tu, kwa hiyo usiseme 102 inabeba kilo 102. Ipige picha orodha hii uiweke kwenye simu.

Kwenye matairi ya gari za mizigo utakuta namba mbili, kwa mfano 106/104. Hapa watu wengi wanakosea, hata wauzaji wengine. Wanadhani ya kwanza ni ya mbele na ya pili ni ya nyuma. Sivyo. Ya kwanza ni pale tairi linapofungwa peke yake, ya pili ni pale yanapofungwa mawili mawili pamoja kama kwenye Canter. Pikapu yako ina tairi moja kila upande, kwa hiyo soma ya kwanza.

Halafu kuna herufi C baada ya saizi, mfano 195R14C au 205R16C. Hiyo C inamaanisha tairi limetengenezwa kwa gari la mizigo, ubavu wake ni mgumu na linakubali upepo mwingi. Utaona pia 6PR au 8PR, zile mafundi wanaita "plai sita" na "plai nane". Zamani ilikuwa hesabu ya nyuzi zilizopangwa ndani. Siku hizi ni daraja la nguvu tu, tairi la 8PR halina lazima ya kuwa na tabaka 8. Muuzaji akikupasulia kipande kukuonyesha tabaka, mshukuru, kisha urudi kusoma namba ya kilo.

Sasa mlinganisho ambao ningependa kila mwenye pikapu auelewe. Tairi la 195R14C 8PR ni jembamba, halina sura. Mara nyingi ubavuni limeandikwa 106, yaani kilo 950. Lile pana la kijana wetu lilikuwa la kilo 850. Jembamba linabeba kilo 100 zaidi ya pana, kila gurudumu. Inawezekanaje? Kwa sababu mpira wenyewe haubebi mzigo. Upepo ndio unaobeba. Mpira kazi yake ni kuuzuia upepo usitoke. Tairi la C linakubali kujazwa mpaka psi 65 hivi, wakati lile la kawaida linapata nguvu yake yote kwenye psi 36 hivi, na baada ya hapo ukiongeza upepo huongezi kilo, unalifanya gumu tu. Ndiyo maana fundi anayekwambia "weka hizi pana, tutazijaza mpaka sitini" anakupeleka pabaya. Ubavuni pameandikwa upepo wa mwisho ambao tairi hilo linaruhusiwa, na matairi mengi ya kawaida huishia psi 44 au 51.

Pima mzigo, usikadirie

Ukishajua namba, swali linakuja: mimi nahitaji kilo ngapi? Hapo ndipo wakulima tunapojidanganya, maana tunahesabu matenga na magunia badala ya kilo. Gunia la viazi la lumbesa si gunia, ni gunia na nusu. Wakala wa Vipimo wanapiga kelele kila msimu kwamba lisizidi kilo 100, na ukiacha ule wizi anaofanyiwa mkulima kwenye bei, lumbesa inakuharibia pia hesabu ya gari. Kwa nyanya, chukua mizani, pima matenga matano yaliyojazwa kama mnavyojaza siku zote, na kile kilemba cha juu kikiwepo. Gawanya upate wastani. Ikitoka kilo 45, basi matenga 30 ni kilo 1,350. Wenye simtanki ya maji ya kunyunyizia, kwenu ni rahisi: lita moja ni kilo moja. Simtanki ya lita 1,000 ikijaa ni tani nzima na uzito wa tanki lenyewe juu yake.

Kisha pima gari lenyewe. Mashine kubwa za kukoboa na maghala ya nafaka mengi yana mizani ya magari, ukiongea nao vizuri watakupimia. Panda na magurudumu ya mbele tu, andika. Panda gari zima, andika. Toa, unapata uzito wa nyuma. Fanya hivyo gari likiwa limepakiwa kama siku ya safari, dereva na utingo wakiwa ndani.

Tuchukue mfano. Pikapu tupu ina kilo 1,450. Unapakia kilo 1,350. Jumla 2,800. Kwenye mizani mbele inasoma 1,050 na nyuma 1,750. Yaani mzigo karibu wote umeenda nyuma, ndivyo pikapu zilivyo. Gawanya 1,750 kwa mbili: kila tairi la nyuma lina kilo 875. Kama ni matairi ya 102, kila moja limezidiwa kilo 25 gari likiwa limesimama kwenye sakafu iliyonyooka. Barabarani hakuna sakafu iliyonyooka. Kwenye kona, kwenye shimo, kwenye bega la barabara lililolala, upande mmoja unabeba zaidi ya nusu. Na ukiwa na vizimba virefu mzigo unakaa juu, unalala kila unapokata kona. Kwa hesabu hiyo mimi nisingekubali chini ya 106, na 110 ningeilala usingizi.

Ila kabla ya kufurahia namba kubwa, fungua mlango wa dereva utafute bamba la gari lenyewe. Limeandikwa uzito wa juu wa gari zima, na mara nyingine wa kila ekseli. Tairi la 112 haliongezi uwezo wa ekseli, beringi, breki wala chesisi. Ukikuta bamba linasema 2,700 na mizani inasema 2,800, dawa si tairi, ni kupunguza matenga.

Wenye kirikuu nao wasikilize hapa, maana huko ndiko kuna miujiza. Vile vigari vya Kijapani vimetengenezwa vibebe kilo 350, ndiyo sheria ya kwao ilivyo. Tairi lake la mizigo la 145/80R12 lina namba 80, kilo 450. Lakini saizi hiyohiyo ipo ya gari dogo la abiria yenye 74, kilo 375, na inauzwa rafu moja na ile. Zinafanana kama mapacha. Soma.

Mzigo unaoning'inia nyuma

Jambo moja ambalo halionekani kwa macho. Kilo 200 ukiziweka katikati ya bodi si sawa na kilo 200 ukiziweka kwenye mlango wa nyuma ulioshushwa. Kama umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni mita 3, na wewe umeweka hizo kilo 200 mita 1 nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma haipokei 200. Inapokea karibu 267, kwa sababu mzigo unafanya kazi kama pembea, unainua mbele. Hizo 67 zimetolewa kwenye magurudumu ya mbele, ndiyo yale ya usukani. Gari linaanza kuwa jepesi mkononi, wewe unafurahia kwamba usukani ni laini. Panga mazito yakae kuelekea kebini, matenga mepesi au matupu nyuma.

Na hapa niguse springi. Gari likiinama nyuma, kijana anakimbilia gereji kuongeza majani ya springi. Linanyooka, linapendeza, trafiki halishangai. Lakini uzito haujapungua hata gramu. Umeondoa tu kile kielelezo kilichokuwa kinakuonya, na tairi liko palepale chini linabeba kilo zilezile, sasa na ziada, maana gari likinyooka tunapenda kuongeza matenga mawili.

Rimu

Rimu nayo ina uwezo wake wa kilo. Rimu nyingi za sporti zimeandikwa kwa nyuma au ndani ya vijiti, maneno MAX LOAD na namba. Ikiwa namba ni ya ratili, yaani imefuatiwa na LB, gawanya kwa 2.2 upate kilo. Kufunga tairi la kilo 1,060 kwenye rimu ya kilo 700 ni kujidanganya. Nikiulizwa, pikapu ya kazi nashauri rimu za chuma zilizokuja na gari. Hazina urembo, ila zikigonga shimo zinapinda badala ya kupasuka, na unaliona tatizo mapema. Rimu ya sporti nzuri ya kiwandani ni imara, sisemi vinginevyo. Shida ni zile zisizo na maandishi yoyote.

Rimu zinazotokeza nje ya mwili wa gari, au zile zinazofungwa na spesa ili magurudumu yatanuke, ziache kwa wanaoenda harusini. Ukisogeza gurudumu nje, beringi inabebeshwa mzigo kwa mkono mrefu zaidi, na vitovu vya nati vinalemewa.

Nati pia. Kwenye Toyota nyingi nati za rimu ya chuma zina kichwa cha mteremko, na za rimu ya sporti ya kiwandani zina shingo na washa bapa. Ukihamisha rimu hamisha na nati zake. Na baada ya kufunga gurudumu lolote, simama baada ya kilomita 50 mpaka 100 ukaze tena. Usimpandie spana kwa miguu miwili.

Rimu iliyopasuka usiichomelee. Na hata kwa jambo lolote lile asiguse mtu rimu kwa moto wa kuchomelea huku tairi likiwa bado limevaa, hata kama halina upepo. Mpira wa ndani ukipata joto unatoa gesi, tairi linalipuka kama bomu na kuua waliosimama karibu.

Valvu watu wanaisahau. Zile za mpira za kawaida mwisho wake ni psi 65. Ukifunga matairi yanayotaka zaidi ya hapo, omba valvu za chuma au za mpira za presha kubwa. Na tairi lisilo na tyubu lisitiwe tyubu eti kwa sababu linavuja rimu. Joto linaongezeka, na likitoboka upepo unatoka wote kwa mpigo badala ya kupungua taratibu.

Dukani

Ukishajua namba yako, nenda nayo imeandikwa. Usiseme "nataka tairi za Hilux", sema "205R16C, namba 108 au zaidi". Utaona muuzaji anavyobadilika.

Angalia umri. Ubavuni, kwenye mstari unaoanza na DOT, kuna tarakimu nne za mwisho. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine zipo upande mmoja tu wa tairi, kwa hiyo geuza. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani, hasa ukianikwa juani mlangoni. Mimi lililofika miaka 5 bado liko rafuni silinunui kwa kubebea mzigo, hata lipakwe dawa nyeusi liwake kama kiatu cha mwanajeshi. Lililochongwa upya kashata na fundi wa kisu, usiliguse kabisa. Umeona mifereji, hujaona jinsi kisu kilivyokaribia nyuzi.

Kuhusu kashata, tunabishana sana bure. Kama barabara yako ni udongo mwekundu wa milimani na unatoa mazao wakati wa masika, kashata za mchanganyiko, nusu lami nusu tope, zinatosha. Zile za meno makubwa sana zinapiga kelele, zinakula mafuta, na kwenye lami yenye maji hazishiki vizuri. Ukiwa na hela ya matairi mawili tu, mapya yaende nyuma. Huko ndiko mzigo uliko, na nyuma ikiteleza dereva wa kawaida hawezi kuirudisha. Na mawili ya ekseli moja yawe sawa kwa saizi, namba na aina.

Upepo wa kila safari

Nunua geji yako mwenyewe. Kupiga tairi teke au kwa nondo hakusaidii, tairi la C lina ubavu mgumu, likiwa na psi 40 na likiwa na psi 60 yote yanaonekana yamesimama. Lakini kwenye 40 limepoteza zaidi ya robo ya uwezo wake wa kubeba. Hapo linajikunja kila linapozunguka, linajipikia joto lenyewe, na joto hilo likikutana na lami ya Ruaha Mbuyuni saa nane mchana unajua kinachofuata.

Pima asubuhi kabla ya kutembea. Njiani likiwa la moto geji itasoma juu, hiyo ni kawaida, usitoe upepo. Kiasi cha kujaza kipo kwenye kibandiko cha mlango, mara nyingi kuna cha gari tupu na cha gari lenye mzigo. Kama ulibadilisha aina ya matairi, kibandiko hakitoshi, uliza jedwali la kampuni ya tairi lako kwa kilo ulizopima. Ukirudi bila mzigo, shusha upepo wa nyuma urudi kwenye kiwango cha gari tupu, la sivyo gari linaruka kama mbuzi na kashata zinaisha katikati.

Walioweka boksi au simtanki ya kudumu juu ya pikapu, kwenu hakuna siku ya tupu. Huko Marekani kuna watu wanaofunga kijumba cha kulala juu ya pikapu na kuzunguka nacho nchi nzima, na kazi yao ya kwanza ni kwenda mizani, kupima kila ekseli, ndipo wachague matairi. Mzigo wao unafanana na boksi lako: uko juu, hautoki, tairi halipumziki hata gari likiwa limelala uani. Jazeni kwa kiwango cha mzigo siku zote, na kama gari litakaa wiki kadhaa bila kutembea, lisogezeni kidogo au mtoe mzigo.

Mwisho kabisa ni spea tairi, ambalo kwa wengi ni lile kuukuu lililotolewa mbele. Likipasuka la nyuma ukiwa na tani ya nyanya, spea ndiyo itabeba hizo kilo 875. Kwa hiyo nalo liwe na namba ileile, upepo wa mzigo, na jeki iwe ya kuinua gari lililopakiwa. Beba pia kipande cha ubao mnene cha kuweka chini ya jeki. Ukikwama mchangani bila huo ubao, jeki inazama na gari linabaki palepale.